Kilichobaki Chujioni

Miaka thelathini na mmoja kiwandani, Abwooli,
kazi yangu ilikuwa kuondoa nyuzi.
Chai ilipotoka kwenye moto, nyeusi, bado inapumua,
nilisimama penye roli zinazovuta vikonyo vyekundu
kama sweta inavyovuta nywele za paka.
Makapi tuliyamwaga nyuma ya ghala.
Chai safi haina kapi, alisema msimamizi.
Nikaamini.
Nikastaafu nikiamini, nikapewa saa ya ukutani.

Leo nimesimama jikoni mwako
na sufuria zako hazinijui.

Koo lako lilifunga mlango mwezi wa tatu,
usiku ule wa kiharusi na mvua ya mawe.
Araali, ulikuwa ukiniita,
na jina hilo halijatoka tena kinywani mwako.
Chakula kinapita kwa mpira wa tumboni;
sirinji ndiyo kijiko,
ndiyo sahani,
ndiyo meno.

Wiki sita tulikupa maziwa ya kopo.
Meupe, laini, ghali, hayabishani na mpira.
Tumbo likanyamaza.
Siku ya nne.
Siku ya sita.
Ukaweka kiganja juu ya kitovu, ukagonga
kama mgeni agongaye nyumba ya mtu aliyehama.

Nesi Biira akaja na pikipiki kutoka Fort Portal,
vumbi hadi kwenye kope.
Akakubonyeza tumbo, akasikiliza, akaniuliza:
"Mzee, utumbo ni kibarua. Usipompa mzigo, si atalala?"
Akataja ulezi, boga, maharage, dodo.
Kidogo kidogo, akasema. Na maji.
Alipofika getini akageuka: na maji!

Siku ya kwanza niliharibu.
Ganda moja la harage, moja tu,
likaziba mpira saa mbili usiku.
Nikasukuma maji ya vuguvugu, nikavuta, nikasukuma,
nikamwita Mungu, nikamwita fundi wa mabomba aliyekufa zamani,
na wewe ukacheka
kwa upande mmoja wa mdomo.
Usikane. Nilikuona.

Sasa nachemsha maharage mpaka yasahau umbo lake.
Umeme ukiwepo, blenda inanguruma hadi kuku wanakimbia;
umeme ukikatika, natwanga,
mimi, mwanamume wa ukoo wetu, natwanga,
na majirani wanachungulia uani.
Kisha chujio.
Kisha kile kinachobaki juu ya chujio:
kijani, kahawia, nywelenywele, kaidi.

Mkono wangu, kwa mazoea, ukakipeleka dirishani.

Ukasimama hapo.

Nimelelewa kutenga pumba na mchele.
Nimelipwa kutenga pumba na mchele.
Kalo yako nikaisema kwa miaka, kwamba ulezi wako una chenga,
na wewe ukaendelea kusonga, kimya,
ukijua jambo la tumbo langu ambalo mimi sikulijua.

Nikarudisha makapi kwenye blenda.
Maji kidogo. Tena chujio.
Tena blenda.
Mara ya nne yakapita,
mazito kama uji wa mtoto,
yakashuka kwenye mpira polepole, nami nimeinua sirinji
juu ya kichwa changu kama mtu anayeomba ruhusa.

Jumamosi, kabla ya jogoo, ukanivuta shati.
Nikakuinua. Nikakungoja.
Sitaandika zaidi; una heshima zako.
Ila nilimpigia simu Nesi Biira saa kumi na moja alfajiri
kwa sauti ya mtu aliyepata mjukuu,
na yeye, usingizini, akapiga vigelegele.

Nikafungua dirisha.
Harufu, ndiyo.
Nikaiacha ikae kidogo.

Boga limebaki nusu. Kesho najaribu nakati,
vikonyo na vyote.